Mlango Niliowafungulia Wamama wa Maombi

Feza wangu,

Umetoka kwenda Rugenge kumuaga shangazi yako, na ninavyomfahamu hatakuachia uondoke bila kukulisha mara mbili. Basi nina saa moja na nusu, pengine mbili. Nimekaa kwenye meza uliyosomea, nimeshika kalamu yako ile ya bluu inayovuja. Barua hii utaikuta ndani ya begi, katikati ya vikwembe viwili vya kitenge, na nakukataza kuifungua kabla basi halijaondoka Bujumbura. Lakini nakujua. Utaifungua Kavimvira kwenye foleni ya kugonga paspoti. Haya, fungua, ila usilie mbele ya wale watu wa mpaka, watafikiri umeficha kitu.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji, wala za kufunga simu kiunoni, wala za wanaume. Hayo yote shangazi yako anakuambia sasa hivi, na anayajua kunizidi. Tena usinicheke kwa Kiswahili hiki. Unapenda kusema mama yako anaongea cha soko na kuandika cha Biblia. Ni kweli. Mwalimu wetu wa misheni alitupiga vidole mpaka kalamu ikajifunza adabu, lakini mdomo hakuuweza. Mahali kalamu itakaponishinda nitaandika kama ninavyosema, minye na weye badala ya mimi na wewe, na utanielewa.

Nataka kuandika juu ya mlango. Miezi mitano tumekula meza moja bila kuutaja.

Kwanza acha niwamalize watu, maana wamenichoma roho mwaka mzima. Unamkumbuka mjomba wako Sadoki siku alipotukuta uani, weye na vitabu vyako, minye na majani yangu ya sombe? Alisimama pale na fimbo yake akasema, "Mutoto mwanamuke, miaka makumi mbili na tatu, iko anasoma mawingu! Mawingu njo nini? Itamuletea bwana?"

Nikamwambia, "Sadoki, weye ulisoma udongo maisha yako yote, na shamba yako iko na majani tu."

Akaomba maji ya kunywa. Kaka yangu nampenda, lakini mdomo wake ni mlango usio na komeo, na sasa naona ni ugonjwa wa familia.

Na minye pia sikuelewa siku ya kwanza, tusidanganyane. Niliposikia neno wingu nilitazama juu ya milima kama kila mtu wa hapa. Ukanionea huruma, ukaniambia, "Mama, ni kama robine ya maji ya Mama Rebeka." Ukanieleza kwamba sisi hatukuchimba kisima wala hatukununua bomba. Tunakwenda kwake na bidoni, tunachota maji tunayohitaji, tunalipia tuliyochota, na kazi ya kuitunza ile robine ni yake. Watu wenye shughuli kubwa nao wamechoka kununua mashine za kuweka kila kitu chao. Wanachota nguvu za mashine zilizo mbali, na mtu anayejua kuzipanga zisianguke na zisiibiwe ndiye anayetafutwa. Mtihani wako ni wa kuonyesha kwamba unajua kuzipanga. Nikaelewa palepale. Mtu aliyezaliwa Uvira akikaa foleni ya bidoni hahitaji profesa wa kumweleza hilo. Wanaosema si mambo ya kwetu hawajui ni mambo gani, na hawajatuuliza sisi.

Sasa nije kwangu.

Mashine hukuzijulia chuoni. Ulizijulia kwenye kibanda changu cha kupiga chapa na fotokopi pale Kavimvira, karibu na mpaka, ulipokuwa na miaka kumi na moja. Ulikuwa unakaa juu ya maboksi ya karatasi, miguu haifiki chini, unanihesabia kurasa. Wakati ule nilikuwa na ordinatere moja, kompyuta nene kama mbuzi mwenye mimba, na nilijiona nimeshika dunia. Wanafunzi walikuwa wanakuja na kazi zao za kumaliza masomo, zimeandikwa kwa mkono, niwapigie chapa.

Amisi alikuwa mmoja wao. Kazi yake ilikuwa juu ya ugonjwa wa muhogo katika bonde la Ruzizi. Kurasa sitini na zaidi, mwandiko wa kuku, nikazipiga kwa wiki tatu. Kila akija alikuwa anaomba kwa upole, "Mama, si tuweke na ku flash yangu?" Na minye namjibu, "Hapa kwangu hakuna kitu inapotea."

Unajua kwa nini nilikataa. Wote wenye vibanda pale mpakani tulifanya hivyo. Kazi ya mtu unaizuia ndani ya mashine yako, ili akitaka kusahihisha hata nukta moja arudi kwako, asiende kuchapisha kwa jirani. Tuliiona akili ya biashara. Ile flash ya Amisi niliikubali mara moja tu, alipoleta picha ya majani ya muhogo, kisha nikamrudishia upesi kama mtu aliyeshika kaa la moto.

Halafu siku moja umeme ukakatika, ukarudi kwa nguvu, mashine ikatoa moshi mweupe na ikanyamaza. Kazi ya Amisi ikaenda nayo. Alikuja siku tatu kabla ya kuitetea kazi yake mbele ya walimu wake, amevaa shati la kuazima. Nikamtazama usoni, nikamwambia, "Flash yako iko na virusi. Njo imeharibu machine yangu."

Feza, aliniomba msamaha. Mtu niliyempotezea kazi yake alisimama mbele ya kibanda changu, wapita njia wanasikia, akaniomba msamaha, na minye nikaupokea kwa kichwa cha juu kama malkia.

Weye uliniangalia tu. Jioni tunarudi nyumbani, nimebeba ule mzigo wa chuma uliokufa, ukasema, "Mama, kitu ikiwa fasi moja tu, ni kama haiko." Nikakuzaba kofi. Kofi lile bado liko mkononi mwangu. Halikuwa la utundu, lilikuwa la kweli uliyosema, na tena ulikuwa hujasema hata nusu yake, maana kuhusu uongo wangu ulinyamaza kabisa. Miaka kumi baadaye ulinisomea kitabu cha mtihani wako, na sentensi ile nikaikuta humo imevaa koti na kravati: kitu chochote cha maana kiwekwe mahali pengi, mbalimbali, ili moja likianguka mengine yasimame. Nilijifanya nachambua mchele.

Ulisoma mwaka mmoja na nusu, na nani atasema hukusoma? Nilikuwapo. Ulikuwa unaamka alfajiri kwa sababu saa zile koneksio haina watu wengi. Siku za mvua, betri ya sola inapolegea, ulikuwa unaandika majibu kwenye karatasi na kuyahamisha mashine ikiamka. Minye nilikushikia maswali. Nilikusomea Kiingereza kwa mdomo wa Kifaransa, nikivunja kila neno shingo, na weye unajibu A, au C, huku unamenya muhogo. Kuelewa sikuelewa hata neno. Lakini ukikosa nilijua kwa uso wako kabla ya kuangalia jibu nyuma ya karatasi, na ulikosa mara chache, halafu mara chache zaidi, halafu ukaacha kukosa. Siku ya mtihani ulikuwa tayari. Liweke hilo moyoni, maana watu wamelisahau kwa ajili yangu.

Ile siku yenyewe, uliniambia masharti siku nzima kabla, ukayarudia asubuhi. Mtihani unafanyiwa nyumbani, lakini kuna mtu mahali, hatujui wapi, anakutazama kwa kamera saa mbili nzima. Chumba kiwe kitupu. Mwingine asionekane, sauti isisikike. Tuliondoa kalenda ukutani. Tukatoa hata picha ya marehemu baba yako, nikamuomba radhi nikamlaza juu ya kitanda changu. Kuku tukawahamishia kwa jirani. Kisha ukanishika mabega ukasema, "Mama, ukae inje ku mlango. Muntu asiingie. Hata Raisi."

Nikacheka. "Hata malaika."

Nikaweka kiti nje, nikakaa. Saa moja ikapita vizuri. Nilisikia vidole vyako kwenye mashine, tik, tik, na moyo wangu ulikuwa mwepesi. Ndipo nikawaona wanashuka barabarani, Mama Rebeka mbele na wamama sita wa maombi nyuma yake, vilemba vyeupe, na mkononi mwake kopo la poda. Poda, Feza! Mtihani hata haujaisha. Kwetu mtoto akipita mtihani wa Taifa anamwagiwa poda kichwani, anatembea nayo mtaani ili kila mtu ajue, na wao walikuwa wameshakupitisha tayari kwa imani.

"Mama Feza," Mama Rebeka akasema kwa sauti ndogo, "tumekuya kumuombea mutoto. Dakika moja tu. Tunaweka mikono, tunatoka."

"Iko mu mtihani."

"Njo maana tumekuya leo. Tungekuya kesho, ingefaa nini?"

Miezi hii yote nimejiambia kwamba sikuweza kuwakatalia. Kwetu humfungii mlango mtu aliyekuja na maombi, tena mwenye robine unayochotea maji, tena kiongozi wako wa kanisani. Ni sababu nzuri, hata kuiandika inapendeza. Lakini si kweli. Nimewahi kumfukuza mchungaji mzima uani kwangu kwa sababu ya mbuzi wake, na weye unajua.

Ukweli ni huu. Nilitaka wakuone. Walikuwa wamenisema mwaka mzima, na nilitaka wakuone umekaa mgongo wima mbele ya ile mashine, mtu wa ng'ambo ya dunia anakutazama weye, mutoto wangu minye. Dakika moja tu. Ilikuwa maringo, Feza, na maombi niliyafanya kisingizio. Nikainuka kitini, nikafungua.

Waliingia wote saba. Mama Rebeka alikuwekea mikono kichwani kabla hujageuka. Wengine wakafunga macho, wakaanza kuomba, na sauti zao hazikuwa ndogo tena. Minye nilikuwa mlangoni, macho wazi, ndiyo maana niliona. Ekrani ikageuka nyeupe, ikaandika mistari miwili ya Kiingereza. Hakuna aliyeweza kuisoma isipokuwa weye; ilisema mtihani umefutwa. Ukasimama. Wamama wakafungua macho, wakakuona umesimama, wakadhani umemaliza. Vigelegele! Mama Rebeka akafungua kopo, akakumwagia poda yote, kichwani, mabegani, mpaka kwenye kope.

Hukulia. Hukupiga kelele. Ulisema, "Aksanti, wamama," ukapita katikati yao ukaenda uani kunawa. Ulinawa kichwa kwa muda mrefu sana. Nilikuwa nasikia maji.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mtihani wako haukuharibiwa na umeme, wala mvua, wala vita, wala wale wanaosema mtoto wa kike akae jikoni. Uliharibiwa na mama yako, aliyekuwa amekaa pale kwa kazi moja tu.

Na bado sikuishia hapo. Jumapili, watu walipouliza kanisani, nilisimama nikasema, "Mtandao ulikata." Neno lilitoka laini kabisa, kama lile la virusi. Kanisa zima likailaani kampuni ya simu, na mzee mmoja akamuomba Mungu aipige minara yake. Ningecheka, lakini weye ulikuwa benchi la tatu, ukaniangalia kwa yale macho ya Kavimvira.

Kisha ukaanza kuandika. Uliandika barua saba kwa wenye mtihani na kwa mradi uliokulipia. Moja uliiacha wazi kwenye mashine, nikakopi maneno yake kwa mkono, nikampelekea mwalimu wa Kiingereza anisomee. Ilisema: mama yangu alifungua mlango. Basi. Hukunilaumu, hukuniombea huruma. Uliwaambia watu usiowajua kitu ambacho minye nilikuwa nawaficha watu ninaokula nao.

Jibu lilipofika, nilidhani nimepona. Nafasi moja tu, ya mwisho, tena si nyumbani bali kwenye ofisi yao ya mitihani Nairobi, na kazi pale mjini inakungoja ukipita. Ukikosa, mradi unafunga jina lako. Nilicheza peke yangu jikoni. Lakini ulipokwenda kutafuta paspoti, Sadoki akaita wakubwa wa familia, wakakaa kwenye sebule yangu, wakanywa chai yangu, na wakasema hapana.

"Ule mara ya kwanza mtandao ilikata," Sadoki akasema. "Na ya pili itakata. Hii vitu si ya kwetu, dada. Mungu ameshaonyesha."

Wengine wakatikisa vichwa. Hapo ndipo niliona, mwanangu. Uongo wangu niliusema kuficha aibu yangu, nao ukawa ushahidi wao dhidi yako. Njia ya mwongo ni fupi, tunasema, lakini hatusemi kwamba mwisho wa ile njia mara nyingi anasimama mtoto wake.

Nikasimama. Nikasema, "Mtandao haikukata. Machine haikuanguka. Feza hakuanguka. Ni minye nilifungua mlango, na wamama wa maombi waliingia. Mukitaka kumufunga mutu nyumbani, munifunge minye. Feza anakwenda."

Sadoki akauliza, "Na bwana atampata wapi?"

"Mu mawingu," nikamjibu. Mzee mmoja akacheka mpaka akamwaga chai, na kikao kikafa hapohapo. Sikukuambia. Ulirudi ukakuta vikombe, ukaviosha.

Alhamisi ile niliyosema nakwenda Kamanyola kununua mchele, mchele nilinunua kweli, lakini nilikwenda kwa Amisi. Ni mwalimu wa sekondari huko, ana upara na watoto wanne. Nilimkuta nje ya darasa na chaki mkononi. Nikamwambia yote, nimesimama juani, bila hata kukaa. Flash yako haikuwa na virusi. Nilikudanganya. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama, minye nilijua. Ile flash niliifungua ku machine ingine siku ileile. Haikuwa na kitu."

"Sasa juu ya nini uliniomba msamaha?"

"Juu weye ulikuwa umeshika karatasi zangu za mukono. Nilitaka tu unirudishie."

Eh, Mungu wangu. Miaka yote nilidhani nilimshinda. Alichelewa mwaka mmoja, akajitetea, akapita. Akanisindikiza mpaka kwa motari, na pikipiki inawaka akaniita tena: "Umuambie Feza asave fasi tatu!" Ndiyo salamu yake kwako, na naona amenisamehe hata kofi ambalo hakulijua.

Jumapili iliyopita, ulipokuwa Bujumbura kukata tiketi, nilisimama tena kanisani, mahali palepale. Nilisema: kampuni ya simu muiache, ni minye. Palitulia hivi kwamba nilisikia mtoto ananyonya. Mama Rebeka alitoka bila kunipa mkono. Jioni akaja nyumbani, hakukubali kiti, macho mekundu.

"Kwa hiyo ni siye tulimuharibia mutoto?"

"Ni minye. Mweye mulipiga hodi tu. Mwenye kufungua ni minye."

Akafuta uso kwa ncha ya kilemba. "Ungetuambia tu tukae inje," akasema. "Tungeomba inje. Mungu iko anapita ku ukuta."

Neno moja tu, kaeni nje, na ungekuwa umeshapita. Sikuomba msamaha kwako wakati huo wote kwa sababu niliogopa utanipa upesi, kama Amisi, ili tu nikurudishie kilicho chako. Sasa nakuomba. Nisamehe, Feza. Usinipe upesi. Kaa nao, nipe siku utakayotaka, na kama utakuja kukuta huwezi, bado nitakuwa mama yako na bado nitakupikia.

Sasa nenda. Na uende na kichwa juu. Nairobi watakuuliza unatoka wapi. Useme Uvira. Usiseme "karibu na Bujumbura" kama wanavyosema waoga, kana kwamba mji wetu ni kiambatisho cha mji wa wengine. Watasema pole, maana wakisikia Congo hawajui neno lingine. Kataa pole yao. Umejifunza kuzuia mashine zisianguke katika mji ambao umeme unakuja ukijisikia, mto unaingia nyumbani bila hodi, na mpaka unafungwa bila kukuaga. Wao watakufundisha nini juu ya kuanguka? Wenzako wamesoma kwenye vitabu kwamba siku moja kila kitu kitazimika. Weye umekula chakula cha jioni ndani ya siku hiyo, mara nyingi, na kesho yake ukaamka ukasoma.

Mlangoni pa ile ofisi watakupekua, watakunyang'anya saa na simu na hata leso, wamekwambia wenyewe. Waache wapekue. Kaa mgongo wima. Safari hii hakuna mtu wa kwenu atakayeingia, na kwa mara ya kwanza namshukuru Mungu kwa kilomita.

Na ukikosa? Ndiyo, naliandika, silei uongo tena. Ukikosa, rudi mchana, kwa barabara kubwa, na begi lako mkononi. Usipite nyuma ya nyumba. Nitasimama palepale kanisani niseme Feza amekosa, na anayetaka kucheka acheke sasa hivi, tumalize. Sitasema mtandao. Kisha utakaa kwenye meza hii, nitashika karatasi, nitavunja Kiingereza shingo tena, na tutatafuta mlango mwingine, maana kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini nakwambia utapita. Niliuona uso wako ulipoacha kukosa.

Nasikia mbwa wa jirani anabweka, pengine ni weye unarudi na mabakuli ya shangazi yako. Nimalize.

Mtihani wako ni saa nne ya Nairobi. Hapa kwetu itakuwa saa tatu. Asubuhi hiyo nitaondoa kalenda ukutani. Nitamlaza baba yako juu ya kitanda. Kuku nitawapeleka kwa jirani. Nitaufunga mlango wa chumba chako, na humo ndani hakutakuwa na mtu wala mashine, najua, sijarukwa na akili. Nitaweka kiti changu nje. Mama Rebeka amesema atakuja na cha kwake, na kopo jipya la poda, ambalo nimemwambia nitalishika minye mpaka upige simu. Tutakaa hapo saa mbili nzima. Tutaomba kwa sauti ndogo.

Na atakayepiga hodi, awe Raisi, awe malaika, awe Sadoki na fimbo yake, nitamwambia, "Feza iko mu mtihani. Kaa inje."

Mama yako